Mali Bila Daftari: Rutuba ya Shamba Dogo Inakwenda Wapi?

Anayetaka kuona rutuba ya udongo ikiondoka asiende shambani. Aende kwenye vituo vya kununulia mahindi vya Nyanda za Juu Kusini za Tanzania mwezi Julai au Agosti, malori yanapopakia. Hapo kila kitu kinaandikwa: idadi ya magunia, bei ya kilo, ushuru wa halmashauri, namba ya gari. Kimoja tu hakina safu kwenye daftari. Tani moja ya punje za mahindi hubeba takriban kilo 15 za naitrojeni, kilo 3 hivi za fosforasi na kiasi kinachokaribiana na hicho cha potasiamu, vyote vimetoka ardhini. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Piga hesabu: magunia 15 ya kilo mia yakishapanda lori, naitrojeni ya mfuko mzima wa urea imepanda nayo. Na mnunuzi akishindilia lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, mkulima hapunjwi mahindi tu, anapunjwa mbolea pia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vijijini habari zenyewe huja kwa kuchelewa, baada ya miaka kumi au ishirini, pale ekari iliyokuwa ikitoa magunia 15 inapotoa 5, na watu wanasema ardhi imechoka. Msemo huo una haki yake, ila unapotosha kidogo. Aliyechoka hupumzika akarudi kama alivyokuwa, na zamani ardhi nayo ilipumzishwa. Familia ililima kipande miaka mitatu au minne, ikakiacha kikawa kichaka kwa miaka kumi na zaidi. Mizizi ya miti ikavuta virutubisho kutoka chini, majani yakaanguka, udongo ukajijenga upya. Mapumziko hayo yalihitaji ardhi ya ziada, na ardhi ya ziada imekwisha. Familia ya Vihiga nchini Kenya, Rungwe nchini Tanzania au Ngozi nchini Burundi yenye ekari moja na ada za shule za kulipa italaza shamba gani? Inalima msimu baada ya msimu, na hali hiyo wafanyabiashara wanalijua jina lake: kula mtaji.

Kila kilimo kilichodumu mahali pamoja barani Afrika kilikuwa na njia ya kurudisha kilichotoka, na njia hiyo ilikuwa na mlipaji wake, aliyelipa kwa jasho, kwa malisho au kwa fedha. Ndiyo maana ubishi wa mbolea za viwandani dhidi ya mbolea za asili, unaojaza warsha na vipindi vya redio, haufiki kwenye kiini. Maarifa ya kurudisha rutuba tunayo mengi. Tunachobishania bila kukitaja ni nani alipe.

Udongo hauna umri mmoja

Kwanza tusiseme "udongo wa Afrika" kana kwamba ni mmoja. Miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani milimani Usambara, aligundua kuwa aina za udongo za Afrika Mashariki hufuatana kwa utaratibu kutoka kileleni mwa kilima hadi bondeni, kama pete za mnyororo. Akaupa mfuatano huo jina la katena, nalo likaingia katika vitabu vya sayansi ya udongo duniani kote. Wasukuma walikuwa wameshaugawa mteremko huohuo kwa majina yao: luseni, kichanga chepesi cha juu, itogolo, udongo mgumu wa kati, na mbuga, udongo mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi. Kila jina lilikuja na ushauri wake wa zao la kupanda.

Miteremko ya Kilimanjaro, Meru na Rungwe ina udongo wa volkano, mchanga kwa umri na tajiri kwa madini. Sehemu kubwa iliyobaki ya bara hili ina udongo mzee mno, uliosuuzwa na mvua kwa mamilioni ya miaka, ambao mfinyanzi wake hauna nguvu ya kushika virutubisho. Katika udongo wa namna hii, ghala kubwa la rutuba ni mabaki ya mimea na samadi iliyooza. Hayo ndiyo yanayoshika maji, yanayolisha vijidudu na yanayozuia mbolea isioshwe na mvua ya kwanza. Shamba likipoteza mabaki hayo limepoteza chakula pamoja na sahani ya kukilia.

Kuna pia tatizo la uchachu. Udongo mwekundu wa magharibi mwa Kenya na wa nyanda nyingi za juu una tindikali. Fosforasi ikiwekwa humo hushikwa na madini ya chuma na aluminiamu, na mmea unabaki na njaa mezani. Anayeweka mbolea za DAP na urea kila mwaka bila chokaa huongeza uchachu huo polepole. Ushauri mmoja kwa nchi nzima, mfuko huu wa kupandia na ule wa kukuzia, unaweza kumtajirisha mkulima mmoja na kumtia hasara jirani yake wa ng'ambo ya kijito.

Wazee walilipa kwa nini

Kisiwa cha Ukara, kaskazini ya Ukerewe katika Ziwa Victoria, kilikuwa na watu wengi kwa eneo dogo tangu kabla ya ukoloni, nacho kina udongo wa kichanga usiosifika. Wakara hawakuwa na pa kuhamia. Waliwafunga ng'ombe ndani na kuwaletea majani, wakakusanya samadi yote na kuirudisha shambani, na katikati ya uwele wakapanda mimea ya jamii ya marejea ili waifukie udongoni kama mbolea. Wazungu walioandika kuhusu kisiwa hicho walistaajabu kuona shamba linalimwa kila mwaka bila kufa. Bei yake ilikuwa jasho: saa nyingi za kukata majani, kubeba na kufukia. Wakara waliohamia kwenye ardhi tele ng'ambo ya pili waliiacha kazi hiyo upesi, jambo linaloonyesha kuwa mtu hajengi udongo kwa mapenzi ya udongo. Huujenga anapokosa njia rahisi zaidi.

Wamatengo wa Mbinga walilipa kwa ngoro. Majani hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana kama miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunika majani. Mlima wote hubaki na mashimo kama sega la nyuki: maji hunaswa, udongo hauteremki, na majani huoza chini ya maharage na mahindi. Wafipa wa Rukwa walikuwa na ntumba, matuta ya mviringo yenye nyasi tumboni, yanayobomolewa na kutawanywa nyasi zikishaoza.

Kwa Wahaya wa Kagera, mlipaji alikuwa mahali pengine kabisa. Kibanja chenye migomba, kahawa na maharage kina udongo mweusi mzito, na mgeni hudhani ni zawadi ya Mungu. Pembeni yake kuna rweya, nyika ya nyasi yenye udongo maskini. Kwa vizazi vingi nyasi za rweya zilikatwa zikaja kuwa matandazo ya migomba, na ng'ombe walichunga rweya mchana wakaja kuacha samadi nyumbani usiku. Kibanja kilinona kwa kunyonya rweya. Ng'ombe walipopungua na nyika ikaanza kulimwa na kupandwa miti, mfereji huo ulikauka, na migomba ikaanza kudhoofika hata kabla wadudu na magonjwa hayajamaliza kazi.

Kwa hiyo anayesema turudi kwenye samadi ya mababu ajue kuwa samadi nayo ni rutuba iliyohamishwa. Ng'ombe hazalishi fosforasi. Anaibeba kutoka malishoni. Malisho yakiisha, samadi nayo inakuwa maji ya kwenye kinu, yanazunguka palepale.

Historia ina onyo jingine. Serikali ya kikoloni iliiona hatari ya mmomonyoko, ikaamua kuutibu kwa amri. Milimani Uluguru watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, na mwaka 1955 hasira zilizuka hadi damu ikamwagika Matombo. Usambara nako mpango kama huo ulikataliwa. Matuta yalikuwa na hoja ya kitaalamu, lakini kazi yake ilikuwa nzito na faida yake haikuonekana kwenye sufuria, hasa pale yalipofukua udongo mbaya wa chini.

Linganisha na Machakos nchini Kenya. Miaka ya 1930 wakoloni waliiandika kama nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Kufikia mwaka 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na vilima vilikuwa vimevaa makinga maji, yale ambayo lugha yetu imeyapa dunia nzima jina: fanya juu. Kitabu kilichochapishwa mwaka 1994 na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilionyesha jinsi watu wengi walivyokuja pamoja na mmomonyoko mdogo. Nyuma ya matuta hayo palikuwa na soko la Nairobi, kahawa, mboga, na mishahara iliyotumwa nyumbani. Mkamba wa Machakos alichimba kwa sababu mtaro ulilipa.

Hesabu ya bara zima

Mwaka 1990 Waholanzi wawili, Stoorvogel na Smaling, walijaribu kuandika daftari lenyewe. Kwa kila nchi walijumlisha kinachoingia shambani, yaani mbolea, samadi, naitrojeni ya kunde na vumbi la angani, wakatoa kinachotoka kwa mavuno, mabua, mmomonyoko na maji yanayopenya chini. Hesabu za namna hiyo ndizo zilizomfanya mtaalamu wa udongo Pedro Sanchez, mshindi wa Tuzo ya Chakula Duniani ya mwaka 2002, atangaze kuwa nchi 37 za Afrika zilikuwa zimepoteza, kwa wastani wa kila hekta na kila mwaka katika miongo mitatu, kilo 22 za naitrojeni, 2.5 za fosforasi na 15 za potasiamu.

Tarakimu hizo ziliwazindua wakubwa, lakini wastani huficha mengi. Makadirio ya mmomonyoko huhesabu udongo ulioondoka juu ya kilima na kusahau kuwa sehemu yake ilitua kwenye shamba la bondeni. Wastani huficha pia tofauti ndani ya boma moja. Nyuma ya nyumba, panapomwagwa majivu, maganda na samadi, mahindi huwa ya kijani kibichi na mabua manene. Hatua mia tatu mbele, shamba la mbali lina mahindi ya manjano yaliyovamiwa na kiduha, gugu la maua ya zambarau linalofyonza mizizi na kupenda udongo uliokonda. Mkulima ni mmoja, mbegu moja, mvua moja. Mikono na toroli havikufika, basi.

Mfuko wa dukani

Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaazimia kupandisha matumizi ya mbolea kutoka kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi 50 ifikapo 2015. Mwaka ulifika, lengo halikufika. Kusini mwa Sahara wastani haujagusa hata nusu yake. Mei 2024 walikutana tena Nairobi, na safari hii jina la mkutano lilibeba vitu viwili, mbolea na afya ya udongo. Nyongeza hiyo ya maneno imebeba somo la karibu miaka 20.

Wengi hudhani mkulima hanunui mbolea kwa kukosa elimu. Tazama hesabu yake kwanza. Kilo moja ya naitrojeni kwenye shamba lililopandwa kwa wakati, lenye mbegu bora na palizi mbili, yaweza kuleta kilo 20 au zaidi za mahindi. Kwenye shamba lililokonda, lenye magugu na mvua ya kubahatisha, huleta chini ya 10. Wachumi wa kilimo wana kanuni ya mkono: shilingi moja iliyotiwa kwenye mbolea irudishe angalau mbili, la sivyo mtu anayelimia mvua hana sababu ya kujitosa. Mfuko uliosafiri kutoka bandarini hadi Kasulu au Sumbawanga unapanda bei kila kilomita, na gunia la mahindi linaposafiri kuelekea pwani, bei inayobaki kwa mkulima inashuka kila kilomita. Umbali unamkata pande zote mbili.

Kuna mashamba ambayo mbolea haifui dafu hata ikitolewa bure. Utafiti wa magharibi mwa Kenya ulionyesha kuwa kwenye viwanja vyenye mabaki machache sana ya mimea udongoni, ongezeko la mavuno halilipi gharama ya mfuko. Hapa ndipo umaskini unapojizungushia ua: aliyekwisha kula mtaji wa udongo ndiye ambaye mbolea haimsaidii, na ndiye asiye na ng'ombe wa kumrudishia.

Halafu kuna suala la muda. Fedha hupatikana wakati wa mavuno. Mbolea huhitajika miezi kadhaa baadaye, baada ya ada, msiba, harusi na matibabu. Busia, magharibi mwa Kenya, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwauzia wakulima vocha za mbolea papo hapo baada ya mavuno, kwa bei ya kawaida, wakiwaondolea gharama ya kufikishiwa tu. Matumizi yakapanda. Hakuna aliyeongezewa maarifa. Walikutwa wakati mfuko wa shati ungali na kitu.

Shaka nayo ina gharama. Kenya ya mwaka 2024 ilitikiswa na sakata la mbolea feki ndani ya mpango wa ruzuku, likafika hadi bungeni. Kwa upande mwingine, utafiti wa Morogoro uliochapishwa mwaka 2021 ulipima urea madukani na kukuta virutubisho vimo kama inavyotakiwa, ingawa wakulima wengi waliamini imechakachuliwa. Kilichowatia wasiwasi ni mbolea iliyoganda mabonge kwa unyevu wa ghala. Mkulima hana maabara, ana macho na vidole. Duka lenye paa linalovuja linaweza kuua soko la mbolea halali.

Yapo mambo madogo yanayonyoosha hesabu. Kizibo cha soda kimoja kwa kila shimo, badala ya kutupa mbolea juu juu, hufanya mfuko uende mbali. Tindikali nayo inaweza kugeuzwa faida: mwamba wa fosfeti wa Minjingu, mkoani Manyara, uliotokana na kinyesi na mabaki ya ndege wa ziwa la kale, huyeyuka vizuri katika udongo wenye uchachu, uleule unaoikamata fosforasi ya madukani.

Marejea, kunde na kisiki

Kati ya virutubisho vikuu vitatu, kimoja tu kinapatikana bure. Naitrojeni imejaa hewani, na mimea ya jamii ya kunde ina bakteria mizizini wanaojua kuishusha. Miaka ya 1980 Padri Gerold Rupper, Mbenediktini wa Peramiho karibu na Songea, aliuhubiri mmea mmoja wa aina hiyo kwa bidii ya mmisionari: marejea. Jina lenyewe lingetosha kuwa somo. Unapandwa, unakua upesi, unafunika magugu, unafukiwa, na rutuba inarejea.

Mbona basi marejea haikutapakaa nchi nzima? Kwa sababu haiendi mezani wala sokoni. Kumwambia mwenye ekari mbili aitoe moja kwa zao la kulisha udongo ni kumwomba mwenye njaa afunge. Mbaazi na maharage yameshika zaidi, maana yanalipa mara mbili, na mbaazi huangusha majani shambani na kuvuta fosforasi ambayo mahindi hayaifikii. Lakini mwezi Agosti 2017 India iliwekea mipaka uagizaji wa mbaazi, bei ikaporomoka Lindi, Mtwara na Manyara, na wakulima wengi wakaipa mbaazi kisogo. Amri ya New Delhi ilitikisa naitrojeni ya Babati.

Mfumo uliojibu swali la mezani vizuri zaidi ulizaliwa Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, katika kituo cha ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, chini ya mtafiti Zeyaur Khan. Huitwa sukuma-vuta. Katikati ya mahindi hupandwa desmodiamu. Harufu yake humfukuza kipekecha shina, mizizi yake huua kiduha, na bakteria wake huongeza naitrojeni. Pembeni hupandwa matete yanayomvuta mdudu huyo. Vyote viwili ni chakula cha ng'ombe, ng'ombe huleta maziwa na samadi, na samadi hurudi shambani. Mkulima halazimiki kuupenda udongo, anafuata maziwa.

Miti nayo ina nafasi yake. Katika maeneo ya Maradi na Zinder nchini Niger wakulima walirudisha miti kwenye hekta zipatazo milioni 5 kwa kuacha kung'oa machipukizi ya visiki vya zamani. Tanzania tunaiita kisiki hai, na Dodoma imeenea kwa sababu haidai mche wala shilingi. Kinachodaiwa ni makubaliano ya kijiji juu ya mifugo na moto. Hapo tunagusa ugomvi wa mabua. Mtaalamu anasema yaachwe shambani yafunike udongo. Mfugaji anasema ni malisho ya kiangazi. Mama anayapikia mahali kuni zilipoadimika. Desturi ya sehemu nyingi ni kwamba baada ya mavuno shamba ni la wote. Aliyeacha mabua yake amelisha ng'ombe wa jirani.

Kwa wanaopenda kuchagua upande mmoja, kuna shamba la majaribio la Kabete, nje kidogo ya Nairobi, lililoanza mwaka 1976. Mahindi na maharage hulimwa viwanja vilevile, vingine bila kitu, vingine na mbolea ya viwandani, vingine na samadi, vingine na vyote pamoja na mabua. Vyote pamoja ndivyo vilivyoongoza. Hata hivyo, kaboni ya udongo ilishuka katika viwanja vyote, vilivyotunzwa vikishuka kidogo kuliko vingine. Kulima kwenyewe kunagharimu. Tunachoweza kuamua ni kasi ya kupoteza.

Ruzuku na mwisho wake

Serikali zimejaribu kuwa mlipaji. Miaka ya 1970 na 1980 mbolea ya ruzuku na bei moja ya mahindi kwa nchi nzima viliifanya mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa kuwa ghala la Tanzania. Mapema miaka ya 1990 ruzuku iliondolewa chini ya marekebisho ya uchumi, na mfuko ukageuka anasa. Mwaka 2008 zilikuja vocha za pembejeo, zikafifia baada ya miaka michache; mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, ruzuku ikarudi kwa njia ya usajili wa kidijitali. Malawi ilianza mpango wake mkubwa msimu wa 2005/06, baada ya mavuno mabaya ya 2005, ikapata mahindi tele kwa miaka kadhaa. Lakini katika baadhi ya miaka mpango huo ulikula zaidi ya nusu ya bajeti ya kilimo, ukibakiza makombo kwa ugani, utafiti na barabara, na mavuno hayakupanda tena kama mwanzo.

Ruzuku ina kasoro ya kudumu: hulipia mfuko, hailipii kinachoufanya mfuko uzae. Hailipii chokaa, kipimo cha udongo, toroli ya samadi wala bwana shamba wa kutembelea kitongoji. Nayo humwacha mkulima akisubiri tangazo la serikali badala ya mvua, na mbolea iliyochelewa wiki tatu ni sawa na dawa iliyoletwa msibani. Umbali wenyewe haujaguswa. Tangu mwaka 2022 kiwanda cha Dangote pale Lekki, Nigeria, kina uwezo wa kuzalisha tani milioni 3 za urea kwa mwaka, na Moroko ina sehemu kubwa kabisa ya akiba ya fosfeti duniani. Bado shehena nyingi huvuka Atlantiki kirahisi kuliko kufika Kigoma.

Kuna walipaji wengine ambao hawajaulizwa. Mwenye shamba anayekodisha msimu mmoja mmoja anampa mpangaji kila sababu ya kukamua na kuondoka. Nani atabeba mikokoteni 20 ya samadi, ambayo hufanya kazi miaka mitatu, kwenye ardhi ya miezi sita? Mkataba wa miaka mitano ulioandikwa ofisi ya kijiji ungefanya kazi ambayo semina kumi hazifanyi. Mwanamke anayelima ardhi ya mumewe au ya ukoo, akiwa hana hakika ya kesho, anapiga hesabu ileile ya mpangaji.

Na yupo mlaji wa mjini. Ugali wa Manzese na Buguruni jijini Dar es Salaam umebeba fosforasi ya Songea na Sumbawanga. Baada ya kuliwa, sehemu huishia vyooni na baharini, na maganda na makombo, ambayo ni zaidi ya nusu ya taka za Dar es Salaam, hupelekwa kwenye dampo la Pugu Kinyamwezi yakaoza pamoja na plastiki. Kibanja cha Mhaya kilinona kwa kuinyonya rweya, lakini Mhaya alijua anachofanya na aliishi pembeni ya nyika yake. Mji umeifanya nchi nzima kuwa rweya, kisha unashangaa kwa nini bei ya unga inapanda.

Kurudisha takataka za Pugu hadi Songea kwa lori ni upuuzi wa mafuta, lakini kuzigeuza mboji kwa mashamba ya mboga ya Kisarawe na Mkuranga si upuuzi. Deni la Songea litalipwa kwa njia nyingine: gunia la kilo mia liwe la kilo mia, bei iache kitu cha kununulia mfuko siku ileile ya mauzo, na katika kila gunia linalopita kwenye kizuizi cha ushuru, sehemu ya fedha hiyo irudi kijijini kama chokaa na kipimo cha udongo. Karani wa kizuizi ameshika daftari tayari. Aongeze safu moja.